Mbembeo wa Kwanza ni wa Rais

Nchi ninayoisimulia haina jina. Jina liko mbioni. Kamati ya kulitafuta imeshakaa vikao kumi na vinne, na imefikia hatua nzuri ya kukubaliana kwamba litaanza na herufi kubwa. Wewe unayesoma huishi huko, kwa hiyo usijitafute humu. Ukiona mtu anafanana na bosi wako, ni sura tu. Sura duniani ni chache, watu ni wengi.

Mimi nilikuwa mtunza maabara katika Sekondari ya Ushindi Endelevu. Masomo niliyaacha kidato cha pili, kwa hiyo fizikia siijui. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, kuosha chupa, kufunga nyuzi na kushika stopwochi. Nilichokijua ni kimoja: ukifunga nati kwenye uzi wa mita moja, ukaivuta pembeni kidogo na kuiachia, itabembea mara ishirini, kwenda na kurudi, kwa sekunde arobaini na kidogo. Niliiona ikifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa, masika na kiangazi, chini ya mawaziri sita. Nati haikuwa na habari nani yuko madarakani.

Kuna desturi moja lazima uijue kwanza, la sivyo utadhani nakutania. Katika nchi hii namba moja ni ya Rais. Yeye ndiye Raia Namba Moja, na mwingine haruhusiwi kuigusa. Kwenye foleni ya zahanati nafasi ya mbele kabisa huachwa wazi, na mgonjwa aliyewahi kuliko wote husimama wa pili. Kwenye daftari la mahudhurio la kila darasa jina la kwanza ni la Rais, na kila asubuhi huwekewa alama ya "yupo". Mwalimu mmoja alimwekea "hayupo" siku Rais alipokuwa ziarani ng'ambo; mpaka leo asiyekuwepo ni mwalimu huyo. Na mtu akihesabu kitu chochote, husema "Moja!" kwa sauti, akasimama wima kama askari, kisha vitu vyake akaanza kuvihesabu kutoka mbili. Ndiyo maana kila mwenye mbuzi saba ana mbuzi wanane, na nchi yetu inaongoza kwa mifugo.

*

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Mkulungwa, Waziri wa Elimu na Maendeleo ya Ubongo, alipokuja kwetu kuzindua Mpango wa Maabara Bila Maabara.

Kompyuta ilikuwa moja. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuigiza majaribio: unabonyeza, uzi unatokea kwenye kioo, nati inabembea, majibu yanajiandika pembeni. Nisiseme uongo, kilikuwa kitu kizuri. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Ntandu, alikifurahia kama mtoto. Aliweza kuupunguza mwendo wa nati mpaka darasa zima likaona inapogeukia, na aliweza hata kuibembeza mwezini. "Mzee Sangija," aliniambia, "hii ikikaa pembeni ya uzi wako, tutafundisha mpaka mawe." Alisema pembeni ya uzi. Hakusema badala yake.

Waziri alisimama, akakohoa, akahutubia saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa yameshaacha kuchezea kamba! Mtoto wetu avunje chupa ya kweli kwa nini, wakati anaweza kuvunja chupa ya kompyuta? Aungue na asidi ya kweli kwa nini, wakati tunaweza kumuunguza kisasa?"

Tukapiga makofi.

Ili kuthibitisha kwamba kompyuta na dunia vinakubaliana, ilipangwa Waziri abembeze nati ya kweli kwa mkono wake mwenyewe, mimi nipime muda, kisha jibu lilinganishwe na la kompyuta. Hesabu ya namna hiyo, Mwalimu Ntandu alinifundisha siku yangu ya kwanza kazini, huanza na sifuri. Unapoiachia nati, bado haijabembea hata mara moja, unasema sifuri. Ikienda na kurudi, ndipo unasema moja.

Waziri akaiachia nati. "Moja!" akanguruma.

Ukumbi mzima ukasimama wima.

Akaendelea hadi ishirini, nami nikasimamisha saa. Sekunde thelathini na nane nukta moja. Nati ilikuwa imebembea mara kumi na tisa. Mtaalamu wa Wizara akapiga hesabu zake za nguvu ya mvutano wa dunia, akapata kumi nukta nane nane. Kompyuta, kwa upande wake, ilikuwa imeandika tisa nukta nane moja. Jasho likamtoka mtaalamu.

Mwalimu Ntandu akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, ule mbembeo wa kwanza, pale ulipoachia, ilikuwa bado ni sifuri."

"Nani sifuri?" akauliza Waziri.

Katibu Mkuu wa Wizara, Dakta Luhende, mtu mwembamba mwenye sauti laini ya kubembeleza mtoto alale, akasogea kwenye kipaza sauti. Alieleza kwamba mbembeo wa kwanza ni wa Rais, kama ilivyo kwa kila cha kwanza, na kwamba kilichoonekana hapa ni ushamba wa kompyuta. Imetoka ugenini, haijafundishwa adabu za kwetu. Wataalamu wakaingia kazini. Kabla pilau haijapoa, kompyuta ilikuwa imefundishwa adabu, na kila ilipobonyezwa ilitoa kumi nukta nane nane.

Hiyo ndiyo ikawa nguvu ya mvutano wa taifa. Ilichapishwa kwenye kalenda, chini ya picha ya Rais. Mwalimu Ntandu alipata barua ya pongezi na uhamisho; alipelekwa mpakani kufundisha ushonaji, somo ambalo nalo, alivyoniandikia, lina nyuzi.

*

Baada ya hapo maabara ilifungwa kwa kuwa imepitwa na wakati. Mwalimu Mkuu, Bwana Kabwogi, aliigeuza kuwa sebule ya wageni wa heshima. Stendi za vyuma zikaenda kwake kuanikia nguo. Darubini akampa mkewe, ambaye aliipachika maua. Mimi nilibaki na cheo changu, na kazi mpya ya kufuta vumbi kwenye makochi. Stopwochi nilibaki nayo mfukoni kwa sababu hakuna aliyeikumbuka.

Kompyuta iliwekwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, ikavalishwa kitambaa cha kufuma, na funguo akakaa nazo yeye. Umeme ulikuja Jumanne, na baadhi ya Ijumaa. Kipindi cha fizikia kilikuwa Jumatano.

Wizara ilipoandikiwa kuhusu Jumatano, ilijibu kwa waraka. Umeme usipokuwepo, ulisema, kompyuta iigizwe na mwanafunzi.

Kidato cha nne akateuliwa Nyamizi. Alikuwa binti mrefu mwenye mikono mirefu, na kwa Bwana Kabwogi hiyo ilikuwa sifa tosha. Kila Jumatano alisimama mbele ya darasa, boksi la biskuti lenye dirisha likiwa kichwani, mkono wake mmoja ukibembea kama nati, na wenzake wakihesabu. Wakitaka kuanza upya, walimgusa pua.

"Kompyuta, mbona umeganda?" walimtania.

"Nimeishiwa chaji. Nileteeni muhogo."

Lakini yule binti alikuwa na tabia moja ambayo kwenye nchi hii ni ugonjwa: alipenda kupima. Alipima darasa kwa hatua, mlingoti wa bendera kwa kivuli chake. Alikuwa anataka Chuo cha Upimaji, na wilaya yetu ilipewa nafasi moja tu kila mwaka, kwa atakayeongoza mtihani wa vitendo wa fizikia. Hakuwa na njia nyingine, na aliijua hiyo barabara yake kama mtu anavyoujua mlango wa kwao.

Jumatano moja alinifuata sebuleni, boksi kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kompyuta."

"Mzee, mkono unaniuma. Nikiuachia wenyewe unabembea polepole. Nikifuata namba yao inabidi niusukume. Kitu cha kweli kinakwenda haraka hivyo?"

"Mimi nafuta makochi, mwanangu."

"Siku zote ulikuwa unafuta makochi?"

Nilitazama mlangoni. Kisha nikatoa nati na uzi kwenye droo, nikatundika kwenye fremu ya dirisha, nikampa saa. Alipoachia nikamwambia kimoyomoyo, lakini midomo ilicheza: sifuri. Akaniona. Alipima mara nne, na mara zote nne sekunde arobaini na kidogo. Alicheka tu, peke yake, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

*

Mtihani wa vitendo ulifanyika ofisini kwa Mwalimu Mkuu, watahiniwa arobaini, kompyuta moja, dakika nne kila mtu. Ilikuwa Jumanne, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Ulikaa mpaka mtahiniwa wa sita, ukaondoka.

Nyamizi alikuwa wa saba.

"Msiwe na wasiwasi," akasema Bwana Kabwogi. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: 10.88. "Hili si jibu. Hili ni kumbusho."

Thelathini na watatu wakakumbuka kwa pamoja. Mpwa wake mwenyewe Bwana Kabwogi, aliyekuwa amelala tangu mtihani uanze, aliamshwa, akakumbuka, akalala tena.

Nyamizi akanyoosha mkono. "Mwalimu, swali linasema 'pima'."

"Ndiyo. Sasa andika ulichopima."

"Sijapima."

"Ndiyo maana nimekupimia."

Yule binti akainuka. Akatoa uzi mfukoni, akatoa nati, akaning'iniza kwenye kitasa cha dirisha, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na ndoo. "Mzee, naomba kujua saa."

Kumwambia mtu saa si kosa. Nikampa saa yenyewe. Alibembeza, akahesabu kwa midomo, akaandika: tisa nukta nane mbili.

Karatasi yake haikusahihishwa. Iliripotiwa.

*

Baada ya wiki tatu Kamati Maalumu ilikaa kwenye sebule iliyokuwa maabara yangu. Mwenyekiti alikuwa Dakta Luhende. Kulikuwa na wajumbe wanne ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa, karani wa kuandika muhtasari, Bwana Kabwogi, na mimi, niliyeitwa kama mwenye saa. Nyamizi alisimama katikati, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa viwikoni.

Shitaka lilikuwa kupunguza nguvu ya mvutano wa taifa kutoka kumi nukta nane nane hadi tisa nukta nane mbili, bila idhini, wakati wa saa za kazi. Adhabu yake ni miaka mitatu jela.

"Binti yangu," akaanza Dakta Luhende kwa ile sauti yake ya kulaza watoto, "unajua maana ya kupunguza mvutano? Watu watashikwa na nini? Kesho wananchi wanaanza kuelea, utawashika wewe?"

"Mheshimiwa, mimi nimepima tu."

"Basi na sisi tutapima. Serikali hii ni sikivu."

Nikaamriwa kutundika nati. Dakta Luhende akavua koti, akaivuta pembeni kwa vidole viwili kana kwamba ni panya aliyekufa, akaachia.

"Moja!"

Wote tukasimama wima. Wakahesabu pamoja hadi ishirini, Bwana Kabwogi akizidi wote kwa sauti. Nikasoma saa: thelathini na nane nukta moja. Karani akapiga hesabu. Kumi nukta nane nane! Wajumbe wakapeana mikono. Mmoja alifuta machozi. Hata nati ya kweli, alisema, imeungana na Serikali.

Nyamizi alingoja wamalize.

"Mheshimiwa, naomba tupime tena. Mara hii tusifike ishirini. Tupime mbembeo mmoja tu."

"Upi?"

"Ule wa kwanza."

Dakta Luhende alitabasamu. Mtu akikuomba umpime Rais, utakataaje? Akashika nati. Mimi nikaweka kidole kimoja kwenye kitufe cha kuanzia na kingine kwenye cha kusimamishia.

"Moja!" akasema, akaachia.

Kwa hesabu yao, mbembeo ukishatajwa umekwisha; huu ulikuwa umeanza na kwisha papo hapo. Nilibonyeza vyote viwili kwa pamoja. Nati ikaendelea kubembea zake, wakati hesabu ilishafungwa.

"Soma," akasema Dakta Luhende.

Nilisoma kilichoandikwa. Ni mazoea ya miaka kumi na tisa. "Sifuri."

Karani alikuwa ameinua kalamu.

"Mheshimiwa, niandikeje? 'Mbembeo wa Rais: sifuri'?"

"Usiandike!"

"Nimeshaandika 'Rais'."

"Futa!"

"Nimfute Rais?"

Wajumbe wakaacha kutikisa vichwa. Hawakujua wavitikise kuelekea wapi. Mmoja alijaribu kusema kwamba ni sawa tu, mbembeo wa Rais hauchukui muda kwa sababu Rais hachelewi. Walimtazama wote mpaka akakaa.

Kwa mara ya kwanza nilimwona Nyamizi amenyoosha mabega. Hakutabasamu. Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia, "Kwa hiyo, Mheshimiwa, ile ishirini yenu ni kumi na tisa. Gawanyeni kwa kumi na tisa. Mtapata yangu."

Karani, maskini, akaanza kugawanya. Akafika. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

Ndipo Bwana Kabwogi akaiokoa nchi. "Labda," alisema, "saa ni mbovu."

Uhai ukarudi sebuleni. Ni mbovu! Bila shaka ni mbovu! Dakta Luhende akavaa koti lake, akanigeukia.

"Mzee Sangija, hii saa ina umri gani?"

"Ninayo miaka kumi na tisa, Mheshimiwa."

"Pole yake. Imechoka."

"Mheshimiwa," akadakia Nyamizi, "kama ni mbovu, na ile thelathini na nane nukta moja yenu je?"

"Wakati ule ilikuwa nzima."

"Na kwenye mtihani wangu?"

"Wiki tatu zilizopita ilikuwa mbovu. Leo asubuhi ikapata nafuu. Sasa hivi imezidiwa tena. Wewe hujawahi kuugua?"

Karani alishaandika. Akanisogezea karatasi: *Mimi, Sangija, mtunza maabara, nathibitisha kuwa saa hii ni mbovu.* Dakta Luhende akainama karibu na sikio langu. Alinukia karafuu. Alinieleza, kwa upole uleule, kwamba ama saa ni mbovu, ama kuna mtu ndani ya chumba hiki amemwita Rais sifuri, na muhtasari unaonyesha ni nani aliyelitamka neno hilo.

Ningependa kukuambia kwamba nilimfikiria binti. Kwamba nilipima: bila saini yangu anakwenda jela, kwa saini yangu anakosa chuo, na jela ni mbaya zaidi. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Lakini wewe huishi huko, sina haja ya kukudanganya. Niliogopa, na sikufikiri chochote. Nilisaini haraka mpaka nikarukia nje ya mstari. Kalamu ilikuwa nzuri, wino mweusi, mzito. Walisema niende nayo nyumbani.

Dakta Luhende akasoma uamuzi papo hapo. Mtahiniwa Nyamizi hana hatia, kwani alipotoshwa na saa mbovu. Shitaka limefutwa. Kwa sababu hiyohiyo, matokeo yake yamefutwa pia, maana hayawezi kutegemea saa mbovu. Na kwa kuwa mtihani wa vitendo haurudiwi, nafasi ya wilaya katika Chuo cha Upimaji inakwenda kwa anayefuata kwa ubora. Anayefuata kwa ubora alikuwa mpwa wa Bwana Kabwogi. Sasa ni mpimaji. Akikupimia kiwanja, kipime tena mwenyewe, ukianzia sifuri.

Nyamizi hakulia. Alinitazama mimi, si wao.

"Mzee. Saa ni mbovu?"

Ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeibonyeza tena bila kujua, na niliisikia ikitembea kwenye kiganja, tiki, tiki, sawasawa kama siku zote. Nikakunja ngumi nisiisikie.

"Ni mbovu, mwanangu."

"Umeona?" Dakta Luhende akamshika bega. "Umenusurika miaka mitatu. Ni huyu mzee amekuokoa. Mshukuru."

Yule binti akapiga goti, kama alivyolelewa kwao, macho chini, mikono yake mirefu ikigusa sakafu niliyoipiga deki mwenyewe asubuhi ile.

"Ahsante, mzee."

Na mimi nikaitikia, kwa sababu mtu akikushukuru huitikiwa.

"Karibu," nikasema. "Karibu sana."